Kabla ya uyoga wa NASA, kulikuwa na Amani

Mwaka 2016, DARPA, wakala wa utafiti wa kijeshi wa Marekani, ilianza kugharamia utafiti wa vifaa vya ujenzi vilivyo hai, yaani vinavyooteshwa kama mmea. Mwaka 2018 NASA nayo ikatoa fedha kuchunguza kama nyuzi za uyoga zinaweza kukua zikawa nyumba Mwezini au Mirihi.

Unadhani serikali kuotesha vifaa kwa ajili ya jeshi ni jambo jipya? Hebu twende Tabora wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Tabora unaijua: njia panda ya misafara, barabara moja ikienda Ujiji na nyingine ikipanda kuelekea Ziwa Viktoria. Reli ilifika mwaka 1912. Vita vilipoanza mwaka 1914, Waingereza wakafunga bahari, na meli mbili tu za Kijerumani zikafanikiwa kupenya kuleta shehena. Serikali ya Wajerumani ikahamia bara, Tabora. Sasa dawa, nguo na tairi vitatoka wapi?

Vilitoka shambani na porini. Kwinini ilitengenezwa kwa magome ya mikwinini, tairi kwa mpira wa hapahapa, mishumaa kwa nta ya nyuki. Nguo za askari zilifumwa kwa pamba, zikatiwa rangi kwa magome ya miti.

Nyuma ya mengi ya haya kulikuwa na kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, kilichoanzishwa na serikali mwaka 1902. Lengo lake la mwanzo lilikuwa faida ya mashamba ya walowezi, siyo vita. Lakini miti ya majaribio ilikuwa imeshakua, na wataalamu walikuwepo. Ndiyo maana utafiti hauanzishwi siku ya shida: mti hauharakishwi.

Ila maabara haikufanya kazi peke yake. Pamba ilikuwa ikifumwa kwa mkono Unyamwezi, na asali ikilinwa kwenye misitu ya miombo, kabla Mjerumani hajafika. Maarifa hayo yalitumika, lakini wenyewe hawakuulizwa wanahitaji nini. Wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi ya pande zote walikufa makumi kwa maelfu, wengi kwa maradhi.

Tabora ilitekwa na jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo tarehe 19 Septemba 1916. Baada ya vita Amani ikadorora, mpaka Waingereza walipoifufua miaka ya 1920, nao kwa mahitaji yao.

Kwa hiyo ukisoma habari za nyumba za uyoga, usiishie kushangaa teknolojia. Uliza nani anatoa hela, na kwa shida ya nani. Leo Tabora ina chuo cha ufugaji nyuki, na miombo bado ipo. Je, sisi tunagharamia utafiti gani sasa hivi, kabla shida haijafika?