Kuweka vyombo vya kazi katika Salamabila: toka chuma cha mhunzi mpaka batri ya jua

Mchimbaji wa Salamabila akikosa chakula siku moja, jirani anaweza kumgawia ugali na sombe. Lakini motopompe ikiibiwa usiku, asubuhi shimo limejaa maji, na kazi ya kundi zima imesimama. Ndiyo maana swali la kujua vyombo vya kazi vilale wapi si swali dogo. Limevunja urafiki wa watu wengi, na limewaingiza wengine katika deni wasiloweza kumaliza.

Katika andiko hili tunataka kueleza namna wakaaji wa Kasongo na Kabambare walivyoweka vyombo vyao toka zamani, na sababu gani batri imeleta swali jipya. Hatutaki kusifu zamani bure. Tunatafuta fundisho kwa ajili ya leo.

1. Chuma juu ya moto

Zamani chuma kilikuwa mali ya taabu. Mhunzi alichoma makaa, akayeyusha mawe yenye chuma, akapiga nyundo siku nyingi, kisha ndipo jembe likatoka. Kwa sababu hiyo, katika nchi nyingi za Afrika ya kati na ya mashariki, jembe lilitolewa katika mahari. Kwa Wanyamwezi, ambao misafara yao ilifika mpaka huku kwetu, majembe yalikuwa sawa na makuta: mtu alinunua nayo vitu.

Sasa mali ya namna hiyo iliwekwa wapi? Darini, juu ya meko. Moshi ulikausha mpini, mchwa ukakimbia. Chuma chenyewe kilipakwa mafuta ya mawese ili kisiingie kutu. Hapakuwa na kufuli. Ulinzi ulikuwa ni kwamba nyumba haikubaki tupu: mama yuko, bibi yuko, watoto wako. Mtu akishika jembe lisilo lake, kijiji kizima kinalijua, maana kila mhunzi alikuwa na mkono wake.

Ndugu zetu Walega, upande wa kaskazini, wanatupa mfano mwingine. Katika Bwami palikuwa na vikapu vya pamoja, ndani yake vitu vya heshima vya kundi lote. Kikapu kilikaa kwa mtu mmoja, lakini hakikuwa chake. Alikitunza kwa niaba ya wenzake, nao walijua ndani mna nini. Tukumbuke jambo hili, tutalirudia: mtunzaji si mwenyewe.

2. Sanduku, kufuli na amana

Katika miaka ya 1860 Waungwana walifika Maniema kutoka Tabora na Ujiji. Pamoja na bunduki na nguo walileta maneno. Sanduku, kufuli na amana yametoka Kiarabu. Kasha limetoka kwa Wareno. Hata magazini, neno tulilopata kwa Wabelji, Wafaransa wenyewe walilipata kutoka Kiarabu, makhazini. Lilizunguka Ulaya likarudi kwetu kwa mlango mwingine.

Lakini kufuli halikumaliza shida. Historia inatupa kisa kinachogusa teritware yetu. David Livingstone alikaa Kabambare, ambako yeye aliandika Bambarre, toka mwezi wa 7 mwaka 1870 mpaka mwezi wa 2 mwaka 1871, miguu ikiwa na vidonda. Vitu vyake, nguo na shanga za kununulia chakula na kulipa wapagazi, vilikuwa vinatumwa toka Zanzibar mpaka Ujiji. Kisha aliona kwa macho yake mauaji ya soko la Nyangwe, tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 1871, akarudi Ujiji mwezi wa 10 akiwa amechoka kabisa. Alikuta nini? Hakuna kitu. Mtu aliyekabidhiwa mali ile, jina lake Sherif, alikuwa ameuza vyote. Alieleza kwamba alipiga ramli kwa Kurani, akaona Livingstone amekwisha kufa.

Tuangalie vizuri. Mlango haukuvunjwa. Mwizi wa usiku hakuja. Mwenye funguo ndiye aliyemaliza mali. Wahenga walisema: kikulacho ki nguoni mwako.

Na dini ya Waungwana hao hao inafundisha kinyume cha tendo la Sherif. Kila mtoto wa madrasa ya Kasongo anajua kwamba Mtume Muhammad aliitwa Al-Amin, mwaminifu, na kwamba alipohama Makka mwaka 622 alimwacha Ali nyuma ili awarudishie watu amana zao, hata wale waliokuwa maadui zake. Amana haifi kwa sababu mwenyewe yuko mbali, wala kwa sababu watu wanasema amekufa.

Kasongo nayo inatufundisha jambo la pili. Toka karibu mwaka 1875 Tippu Tip aliifanya makao yake makubwa. Tarehe 22 mwezi wa 4 mwaka 1893 askari wa Dhanis, pamoja na watu wa Gongo Lutete, waliiteka kwa muda mfupi sana. Daktari Hinde, Mwingereza aliyekuwa pamoja nao, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1897 kwamba walikuta ghala za chakula, pembe za ndovu, baruti nyingi na risasi za bunduki za kila aina. Vyote vilikuwa vimekusanywa pamoja, vyote vikaenda siku moja. Ghala kubwa ni nguvu siku za amani. Siku ya vita ni zawadi kwa adui.

3. Magazini ya kampuni

Wabelji walipoanza kuchimba zahabu ya Namoya, miaka ya 1930, kazi ilishikwa na kampuni mpaka mwanzo wa miaka ya 1960. Hapo chombo kilipata bwana mpya. Sururu na baramini havikuwa tena vya mfanyakazi. Vilikuwa vya kampuni, vililala katika magazini ya kampuni, na kapita ndiye aliyehesabu.

Faida ilikuwapo: karatasi. Kitu kimeandikwa, kimetoka kwa nani, kimerudi saa ngapi. Wazee wetu wengi walijifunza pale nguvu ya daftari. Hasara ilikuwapo pia. Mtu aliyechimba maisha yake yote alirudi nyumbani bila hata nyundo yake mwenyewe.

Mwaka 1976 kampuni mbalimbali za Kivu na Maniema ziliunganishwa zikawa SOMINKI. Halafu mwaka 1982 sheria ya Mobutu ilimruhusu raia kuchimba zahabu kwa mikono yake. Mabadiliko yale yalikuwa makubwa kuliko tunavyofikiri. Tangu hapo mchimbaji alipaswa kujitafutia vyombo na kujitafutia mahali pa kuviweka. Wengi hawakuwa na mlango wenye kufuli, wakaweka kwa pedeje, yaani mwenye shimo, ao kwa mfanyabiashara wa zahabu. Huyu alisema: "Lete, nitakuwekea." Kisha akakopesha chakula, akakopesha mafuta. Siku ya hesabu vyombo vikabaki kwake. Kumbe mahali pa kuweka pamegeuka rehani, na mwenye vyombo amekuwa kibarua kwa vyombo vyake mwenyewe.

4. Wakati wa kukimbia

Maniema imekimbia mara nyingi. Mwaka 1964 ilikuwa uasi wa Simba. Toka 1996 zikaja vita mbili kubwa. Na katika Salamabila yenyewe, baada ya kampuni Banro ya Kanada kuanza uzalishaji wa biashara Namoya mwaka 2016, ugomvi juu ya vilima kama Mwendamboko, pamoja na vita ya Mai-Mai Malaika na jeshi, ulifukuza watu mara kwa mara. Banro ilisimamisha kazi mwezi wa 9 mwaka 2019.

Mtu anayekimbia hawezi kubeba nyundo na baramini pamoja na watoto. Kwa hiyo watu waliyafanya yale ambayo wakimbizi wa kila nchi wanayafanya: waligawa, wakafukia. Jembe moja shambani, nyundo nyuma ya nyumba, kichwa cha sherehani ndani ya gunia chini ya ardhi. Vyombo vya chuma vilivumilia. Ukirudi baada ya miezi sita unafukua, unapangusa kutu, unatia mpini mpya, kazi inaendelea. Chuma kinajua kungoja.

5. Batri haijui kungoja

Hapa ndipo tunafika kwenye jambo jipya. Redio za transista zilituletea mawe ya redio, yaani pili. Baadaye ikaja torshi ya kichwani ya mchimbaji, batri kubwa ya pano ya jua, na sasa batri za litiumu za simu na za mashine ndogo za kutoboa. Watu wengi wanaziweka sawa wanavyoweka nyundo. Ni kosa, juu batri ni chombo ambacho hata kikilala kinaendelea kufanya kazi ndani yake.

Batri ya risasi, ile nzito ya volti 12, inapoteza moto wake pole pole. Ikikaa bila moto miezi mingi, ndani yake hugandamana chumvi ngumu, na haitapokea moto tena. Kwa hiyo kabla ya kulala ijazwe, na irudiwe kujazwa kila mwezi ao miezi miwili. Ikipimwa imepumzika, volti 12.6 hivi ni kusema imejaa. Ikijazwa inatoa hewa ya hidrojeni, ambayo inaweza kulipuka kwa cheche moja. Basi isiwekwe katika chumba cha kulala, wala karibu na meko ao sigara. Tena isiwekwe pamoja na vyombo vya chuma: baramini moja ikianguka juu ya vichwa vyake viwili, moto unawaka. Isimame wima juu ya ubao, vichwa vimefunikwa. Maji ya kuongeza yawe yale yaliyosafishwa kwa ajili ya batri, si ya mto.

Batri ya litiumu ni tabia nyingine. Huyu hapendi kulala ameshiba wala na njaa: nusu inatosha. Mahali pawe pakavu, pasipo joto, mbali na petroli ya motopompe. Ikivimba, itolewe nje ya nyumba siku ile ile, wala isijazwe tena. Na mawe ya torshi yatolewe ndani ya torshi isiyotumika, maana yakivuja yanakula chuma cha ndani.

Batri iliyokufa pia ina neno lake. Risasi yake ni sumu, hasa kwa akili ya watoto wadogo. Kuitupa mtoni ao kumwachia mtoto aivunje ni kuiba kesho ya kijiji.

Tuone sasa kwamba dari la bibi haliwezi kuipokea batri, juu pana moto. Shimo la mkimbizi haliwezi, juu pana unyevu. Magazini iliyofungwa kabisa ya kampuni haiwezi, juu haina hewa. Batri inataka mtu anayeitembelea.

6. Namna ya kuchagua

Sheria ya madini ya mwaka 2018 inataka wachimbaji wadogo wawe katika koperative. Hii ni nafasi nzuri ya kujenga stoo ya pamoja. Lakini kabla ya kutafuta matofali na bati, wanachama wajiulize maswali manne, yote yametoka katika historia tuliyosoma.

La kwanza: funguo ziko kwa nani? Makufuli mawili ya watu wawili wasio wa nyumba moja ni bora kuliko kufuli moja kubwa. Sherif alikuwa na funguo peke yake.

La pili: mtunzaji ni mdai wetu? Kama tunadaiwa naye, vyombo visilale kwake. Amana na deni visikae mlango mmoja. Mtunzaji wa kikapu cha Bwami hakukopesha watu kwa kikapu.

La tatu: imeandikwa? Mali bila daftari hupotea bila habari. Jina la mwenyewe lichorwe juu ya chuma, namba ya batri iandikwe, na daftari lisomwe kwa sauti mbele ya wote mwisho wa kila mwezi. Na mama wanaotwanga mawe waandikwe pia, kinu na mchi wao ni vyombo vya kazi sawa na baramini.

La nne: vyote viko pamoja? Kasongo ya 1893 inajibu: hapana. Motopompe na mafuta upande mmoja, batri upande wenye hewa, chuma upande mwingine, na sehemu fulani ibaki majumbani. Zamu anayelinda alipwe, na alipwe kwa wakati. Mlinzi mwenye njaa ni mlango wazi.

Mwisho

Tumeona nyakati tano, na katika kila moja ukuta peke yake haukutosha. Dari lilitegemea mama wa nyumba, kikapu kilitegemea wenzake wa mtunzaji, amana ilitegemea imani, magazini ilitegemea daftari. Batri nayo inatutaka tukutane mara kwa mara, tufungue mlango, tupime, tuangalie, tuongee. Vijana wa Salamabila wakianza stoo yao kwa desturi hiyo, hata siku mlango ukivunjwa watajua ni nini kimepotea, kilikuwa cha nani, na nani waanze kumwuliza.