Tarizi ya Mkono Unguja: Jani, Kofia na Heshima

Miongoni mwa sanaa zilizoupatia Mji Mkongwe wa Unguja jina duniani, uchongaji wa milango ndio unaotajwa kwanza. Majani, mawaridi na minyororo iliyochongwa juu ya mbao imedumu miaka mingi, na kila apitaye hujionea. Sanaa ya sindano haikupata bahati hiyo. Nguo huvaliwa, hufuliwa, huchakaa na hatimaye hutupwa. Na mikono iliyoitarizi husahauliwa pamoja nayo. Katika insha hii tunakusudia kuonyesha kwamba tarizi ya mkono nayo ni sehemu ya historia ya taifa letu, na kwamba yastahili kufundishwa hivyo.

Yafaa tuanze na maneno yenyewe. Tarizi, ambayo wengine huita darizi, ni neno lenye asili ya Kiarabu. Lakini sindano, uzi na kushona ni maneno ya Kibantu. Vitambaa navyo vina majina ya safari: bafta ilitoka Bara Hindi, na merikani ilipewa jina la nchi iliyoileta, yaani Marekani, ambayo ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833. Basi katika kipande kimoja cha nguo zimekutana lugha na bahari kadha wa kadha. Asemaye kwamba kazi hii ni ya kigeni tupu hajatazama vema, kwani fundi wa pwani aliyapokea yaliyokuja akayaunganisha na ujuzi aliokuwa nao.

Sasa tuitazame kazi yenyewe kwa mfano wa jani, pambo lionekanalo sana kwenye foronya na vitambaa vya meza. Mshonaji huchora kwanza kwa penseli, kisha huchagua mshono. Akitaka jani jepesi, hupitisha mshono wa mnyororo ukingoni mwake tu, kila kitanzi kikishikwa na kinachofuata, na katikati huachwa wazi. Akitaka jani lililojaa, hupanga nyuzi bega kwa bega kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, hata kitambaa kisionekane. Na akitaka mshipa wa jani uonekane, hushona mshazari, mara kulia mara kushoto, nyuzi zikikutana katikati mfano wa mfupa wa samaki. Majani matatu ya tawi moja yaweza kushonwa kwa mishono mitatu, na kila moja likawa na sura yake. Kosa la kawaida la mwanafunzi ni kuvuta uzi kwa nguvu. Nguo hujikunja, na jani hupoteza umbo.

Kazi iliyo ngumu zaidi ni kofia ya viua. Kofia hiyo ina sehemu mbili, duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa. Mapambo huchorwa, kisha vitundu vidogo hutobolewa kwa ncha kali na kila kimoja huzungushiwa uzi hata kikaza kama kiua. Kofia moja huchukua majuma mengi. Kofia nyeupe iliyotariziwa huitwa pia baraghashia, jina linalohusishwa na Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888.

Hapa ndipo sindano inapogusa jambo kubwa. Katika karne ya 19 mavazi yalikuwa alama ya daraja. Mtumwa alitambulika kwa nguo yake duni, kwa miguu mitupu na kwa kichwa kisichofunikwa. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilipofutwa Unguja kwa amri ya mwaka 1897, watu wengi waliokuwa watumwa, pamoja na watoto wao, walihamia Ng'ambo, ng'ambo ya hori lililoutenga upande huo na Mji Mkongwe. Wanaume walivaa kanzu na kofia. Wanawake walijifunga kanga. Kofia iliyokuwa ya bwana ikawa ya kila mwungwana, na kila mtu akadai uungwana. Amri iliandikwa kwenye karatasi. Kwa macho ya jirani, uhuru ulisomwa kichwani.

Nani waliozishona? Katika majumba ya kifalme wanawake walitarizi, kama alivyoeleza Salme binti Said, mzaliwa wa Mtoni, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886. Huko Mbweni, wasichana waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa walifundishwa ushoni katika shule ya misheni iliyoongozwa na Caroline Thackeray tangu 1877 hadi 1902. Serikali ya kikoloni ilipofungua shule ya wasichana mwaka 1927, ushoni ulikuwa miongoni mwa masomo. Tena wako wanawake wa mitaani wasioandikwa popote, walioshona barazani au ua wa nyuma baada ya kazi za nyumbani, wakauza kofia na kupata fedha iliyokuwa yao wenyewe. Hivyo wakosea wale waitao kazi hii kipitisha wakati. Ilinunua chakula na ilisomesha watoto.

Hivi leo kofia nyingi sokoni Darajani zimetariziwa kwa mashine, na bei yake ni nafuu. Hatuwezi kumlaumu mnunuzi, wala hatutazamii mashine irudi ilikotoka. Lakini kofia ya mkono ingali inathaminiwa, hasa siku za Idi na za harusi, na mafundi wangalipo Unguja. Kinachopotea upesi ni majina ya mishono na ya mapambo, kwa kuwa yamo vinywani mwa wazee tu.

Kwa hiyo twawaasa walimu wawatume wanafunzi kwa bibi zao, wakaandike kila mshono jina lake na namna yake, kisha washike sindano wenyewe, wavulana na wasichana. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Kwa watu ambao mababu zao walijitangazia uhuru kwa kofia na kanga, methali hiyo ina uzito wa pekee.