Jinsi kompyuta zilivyoacha kumngoja karani: Historia ya DNS na DHCP

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, majina ya kompyuta zote za ARPANET, mtandao wa Marekani uliozaa intaneti, yaliandikwa katika faili moja tu. Faili hilo liliitwa HOSTS.TXT, na lilitunzwa na kituo cha taarifa za mtandao katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford, Menlo Park, California. Kituo kiliongozwa na Elizabeth Feinler, ambaye wenzake walimwita Jake. Chuo au maabara iliyotaka kuunganisha mashine mpya iliwasiliana na kituo, wafanyakazi wakaingiza jina na namba yake, kisha waendeshaji wa kompyuta kila mahali wakapakua nakala mpya.

Utaratibu huo ulifaa mashine zilipokuwa chache. Lakini kila kompyuta mpya iliongeza mzigo mara mbili: mstari mmoja zaidi ndani ya faili, na mpakuaji mmoja zaidi wa faili lenyewe. Tarehe 1 Januari 1983, ARPANET ilihamia itifaki za TCP/IP, zilizowezesha mitandao ya aina mbalimbali kuungana. Wakati huohuo, maofisi na vyuo vilianza kununua kompyuta ndogo kwa wingi. Faili likanenepa na nakala zikachelewa. Mashine iliyobadilishiwa namba leo iliendelea kutafutwa kwenye namba ya zamani, mpaka kila mhusika apakue orodha upya.

MAJINA YAGATULIWA

Katika Taasisi ya Sayansi ya Habari ya Chuo Kikuu cha Southern California, mtafiti Jon Postel alimkabidhi mwenzake Paul Mockapetris mapendekezo matano ya kuchukua nafasi ya faili hilo, yaliyokuwa yakishindana, ili atafute muafaka. Mockapetris aliyaweka kando akabuni mfumo wake. Maelezo ya kwanza yalitoka Novemba 1983. Novemba 1987 nafasi yake ilichukuliwa na nyaraka mbili, RFC 1034 na RFC 1035, ambazo mpaka leo ndizo msingi wa DNS, mfumo wa majina ya vikoa.

Kiini cha mfumo huo ni ugatuzi wa madaraka. Hakuna seva moja inayojua majina yote. Seva za mzizi zinajua tu nani anasimamia .com, .ke au .tz. Seva za .tz zinajua nani amekabidhiwa kila jina lililo chini yake. Mwenye jina hilo ndiye anayejua tovuti yake na barua pepe zake ziko kwenye namba gani, na akiibadilisha namba hahitaji ruhusa ya California. Kila jibu huja na muda wa kulihifadhi, ili swali lilelile lisipande hadi juu kila dakika.

Mwaka 1984, wanafunzi wanne wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliandika BIND, programu ya DNS ambayo vizazi vyake vinatumika hata sasa. Tarehe 15 Machi 1985, symbolics.com likawa jina la kwanza kusajiliwa chini ya .com. Afrika Mashariki nayo ilipata nafasi yake: .ke ilikabidhiwa Kenya mwaka 1993, na .tz ikafuata kwa Tanzania mwaka 1995. Leo nakala za seva za mzizi zimesimikwa hata Nairobi na Dar es Salaam, hivyo swali linalokwenda kwa seva ya mzizi halilazimiki kuvuka bahari kutafuta jibu.

ANWANI ZA KUAZIMA

Majina yalipopata dawa, namba zilibaki kuwa kero. Kila kompyuta huhitaji anwani ya IP, na fundi alilazimika kupita meza kwa meza akiichapa kwa mkono, kisha kuinukuu kwenye daftari. Akikosea tarakimu moja, mashine haiwasiliani. Akizipa mashine mbili namba moja, mawasiliano ya zote mbili huvurugika, na kumtafuta mkosaji kunaweza kumaliza siku nzima.

Hatua kubwa ilikuja Septemba 1985, pale Bill Croft wa Chuo Kikuu cha Stanford na John Gilmore wa kampuni ya Sun Microsystems walipotoa itifaki ya BOOTP. Kwayo, mashine isiyo na diski iliweza kuiuliza seva anwani yake. Hata hivyo, kwa kawaida ilimlazimu msimamizi aandike mapema ni kifaa gani kipewe namba gani. Daftari lilihamia kwenye seva, lakini mwandishi alibaki mtu yuleyule.

Oktoba 1993, Ralph Droms wa Chuo Kikuu cha Bucknell, Pennsylvania, akiwa pamoja na wenzake katika kikosi kazi cha wahandisi wa intaneti, alitoa itifaki ya DHCP. Ilijengwa juu ya BOOTP na kuongeza jambo moja lililobadilisha kila kitu: anwani kuazimwa kwa muda. Toleo la Machi 1997, RFC 2131, ndilo lililoenea maofisini.

Tazama kinachotokea asubuhi mfanyakazi anapowasha kompyuta. Mashine haina anwani wala haijui seva iko wapi, hivyo inatangazia mtandao mzima kwamba inahitaji anwani. Seva inapendekeza, tuseme, 192.168.1.57. Kompyuta inaiomba rasmi, seva inakubali na kuandika muda wa mwisho. Katika jibu hilohilo seva inataja lango la kutokea nje na anwani ya seva ya DNS, na hapo ndipo mifumo hii miwili inapokutana. Nusu ya muda ikifika, kompyuta huomba kuongezewa. Ikizimwa na isirudi, muda ukiisha namba hupewa mwingine.

Aprili 1997 ulitoka utaratibu wa kuisasisha DNS papo kwa papo, RFC 2136. Tangu hapo seva inayotoa anwani imeweza kuandikisha na jina la kifaa, na mfanyakazi akaitafuta printa kwa jina lake, namba iwe imebadilika au la.

Pamoja na historia hiyo, bado ziko ofisi ambazo printa imebandikwa karatasi yenye namba, na orodha ya anwani anaijua fundi mmoja tu. Akihama, ofisi inarudi mwaka 1982. Ziko nyingine ambazo mtu huchomeka ruta ya nyumbani ili apate Wi-Fi mezani kwake, nayo ikaanza kugawa anwani zake yenyewe, wenzake wakapotea mtandaoni.

Tiba yake si ghali. Programu huria kama dnsmasq hufanya kazi zote mbili kwenye mashine ndogo, na tangu 2024 jina .internal limetengwa kwa mitandao ya ndani. Mkuu wa ofisi, muulize fundi wako leo maswali matatu: nani anagawa anwani hapa, nani anajibu majina, na maelezo yake yameandikwa wapi? Akikosa jibu hata kwa moja, mpe muda na bajeti alishughulikie kabla ya kununua kompyuta nyingine.