Sinema ya "Vita vya Algiers": Sifa Zake na Pengo Lake

Sinema ya Gillo Pontecorvo, Mtaliano, juu ya mapambano ya mji wa Algiers ilipata tuzo ya Simba wa Dhahabu huko Venice mwaka 1966. Tangu hapo imesifiwa na wapigania uhuru wa mabara mengi. Je, sifa hizo inazistahili? Kada hawezi kujibu kwa kupiga makofi tu. Lazima afanye uchambuzi.

Kwanza, tukiri ukweli wake. Ingawa yanafanana na picha za habari, matukio yote yaliigizwa upya, na waigizaji karibu wote walikuwa watu wa kawaida. Sinema haifichi kwamba mwezi Agosti 1956 bomu la walowezi liliua wakazi wa Kasbah, wala haifichi kwamba mabomu yaliyotegwa na akina mama wa FLN mwezi Septemba yaliwapata raia mikahawani. Mateso waliyotumia askari wa miavuli wa Ufaransa yanaonyeshwa waziwazi. Kauli ya jeshi kwamba Larbi Ben M'hidi alijinyonga kizuizini mwaka 1957 inatajwa, na waandishi wa habari hawaiamini. Ufaransa yenyewe ilikiri mwaka 2024 kwamba aliuawa na askari wake.

Pili, tuulize: nani anasimulia? Saadi Yacef, aliyekuwa kamanda wa FLN mjini Algiers, alikuwa mtayarishaji wa sinema hii, na ndani yake aliigiza kiongozi anayefanana naye mwenyewe. Si ajabu basi kwamba mji umekuwa kila kitu. Wakulima wa milimani, waliobeba sehemu kubwa ya vita tangu Novemba 1, 1954, hawaonekani. Akina mama wanabeba mabomu, lakini ni nadra kusikia wanavyofikiri.

Tatu, na hili ndilo kubwa: Ali la Pointe anauawa Oktoba 1957, mtandao wa mjini unavunjwa, halafu ghafla tunafikishwa Desemba 1960, umati umejaa barabarani na bendera zake. Miaka mitatu imerukwa! Mtazamaji asiye makini atadhani umma huamka wenyewe, kama mvua inavyonyesha. Lakini katika miaka hiyo vita vya vijijini viliendelea, wanavijiji wengi walihamishwa kwa nguvu, na serikali ya muda ya Aljeria iliundwa mwaka 1958. Uhuru wa Julai 1962 ulitokana na kazi hiyo pia.

Mwaka 2003 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliwaonyesha maofisa wake sinema hiyohiyo, wakati majeshi yake yamo Iraki. Adui naye husoma. Jeshi likitazama, huona jinsi mtandao wa siri unavyovunjwa. Sisi tukitazama ushujaa peke yake, tutakuwa tumejifunza kidogo kuliko wao.

Hivyo sifa zake inazistahili kama kazi ya sanaa na kama ushahidi dhidi ya ukoloni. Haistahili kufanywa historia kamili ya mapinduzi ya Aljeria. Ndugu mkufunzi, ukiionyesha darasani, isimamishe baada ya kifo cha Ali, washa taa, kisha uwaulize wanafunzi: katika miaka mitatu inayofuata, nani alifanya kazi gani, na wapi? Wakishindwa kujibu, somo bado halijaanza.