Programu ya malipo inapokosa jibu

Kushughulikia makosa katika programu za kompyuta za biashara ni kuamua mapema programu itafanya nini jambo lisipokwenda kama lilivyopangwa. Mkoani Mtwara, ambako korosho zilianza kuuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani mwaka 2007, suala hilo linagusa fedha za mkulima: mzigo hupokewa na chama cha msingi, hupelekwa ghalani, huuzwa mnadani, na malipo huingizwa katika akaunti yake benki.

Makosa ya kuandika si magumu. Namba ya akaunti ikipungukiwa tarakimu, programu iikatae palepale na kumtajia karani mstari wenye dosari. Malipo ya wengine yaendelee. Neno "imeshindikana" pekee halimsaidii mtu.

Kilicho kigumu ni ukimya. Agizo la malipo limetumwa, mtandao ukakatika kabla benki haijajibu. Je, mkulima amelipwa? Programu iliyobuniwa vibaya huandika kuwa hakulipwa, karani akatuma upya, na mtu mmoja akalipwa mara mbili. Iliyo nzuri ina hali ya tatu, "haijulikani", na kila agizo hubeba namba isiyobadilika ili likirudiwa benki itambue kuwa ni lile lile. Benki nayo sharti iikague namba hiyo, la sivyo ni pambo tu.

Maagizo yasiyojulikana yaorodheshwe mbele ya mhasibu kila asubuhi. Minada huanza Oktoba, na shule hufunguliwa Januari.