PAPASI: MDUDU WA NDANI, SIYO WA UANI

Tunaendelea na mfululizo wetu wa historia ya magonjwa ya nyumbani.

Mmeniuliza sana kuhusu kupe uani. Kwa kupe wa mbwa na mbuzi majibu mnayajua: fyeka nyasi, ogesha mifugo, banda likae mbali na nyumba. Ila kupe ana ndugu yake ambaye hata ukifyeka uwanja mzima hashtuki. Ni papasi. Yeye haishi kwenye nyasi. Anaishi ndani, kwenye nyufa za ukuta na vumbi la sakafu ya udongo. Usiku anatoka, ananyonya damu kwa muda mfupi, kabla hakujakucha amesharudi kujificha. Anaweza kukaa miaka bila kula.

Sasa sikilizeni historia yake.

Zamani njia ya misafara kutoka Pangani kwenda Kilimanjaro ilipita huku kwetu, chini ya milima ya Upare. Wapagazi walilala kwenye vibanda vya njiani, chini, juu ya mikeka. Papasi naye ni msafiri mzuri: hujificha kwenye mkeka na mzigo, akahamia nyumba nyingine.

Mwaka 1905 daktari Mjerumani Robert Koch alikuja nchini, enzi hizo ikiitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Alichimba udongo mkavu wa sakafu za vibanda vya misafara na kuwakuta papasi. Akaona jambo kubwa: papasi jike huwarithisha wanawe vijidudu vya homa kupitia mayai. Kwa hiyo nyumba inaweza kubaki na ugonjwa hata kama mgonjwa alishapona au kuhama.

Mwaka huohuo, daktari Mwingereza Joseph Dutton alikuwa Kongo mashariki akichunguza homa hiyohiyo. Ikamshika, akafa Kasongo akiwa na miaka 30 tu. Kijidudu kikapewa jina lake: Borrelia duttonii.

Kwa nini nawaambia haya nyie kina mama? Kwa sababu homa ya papasi ni mbaya sana kwa mjamzito. Utafiti wa Sengerema uliochapishwa 1997 ulionyesha kwamba karibu nusu ya mimba za wagonjwa ziliishia kwa kuharibika au kupoteza mtoto. Jamani, nusu!

Na huku kwetu kila homa tunaiita malaria. Siyo ajabu. Upare tumepigana na malaria muda mrefu. Kati ya 1955 na 1959 nyumba za Pare na Taveta zilipuliziwa dawa ya dieldrin kuua mbu. Lakini angalieni hapa: zamani damu ilisomwa kwa hadubini, na msomaji makini aliweza kuona vijidudu vya papasi, vimejikunja kama springi. Kipimo cha haraka cha malaria hakivioni. Kikisema hakuna malaria, haina maana kwamba mtoto hana kitu.

Dalili ya kukumbuka: homa kali siku chache, inakata, unashukuru Mungu, halafu baada ya wiki hivi inarudi. Ukiona hivyo, mwambie mhudumu: "Homa ilikata ikarudi, na nyumba yetu ni ya udongo." Omba damu isomwe kwa hadubini. Usinunue dawa dukani. Matibabu yapo, ila mgonjwa anatakiwa kuangaliwa saa za mwanzo, kwani hali inaweza kubadilika ghafla.

Nyumbani fanya hivi:
👉 Mtoto na mjamzito wasilale chini. Kitanda kisiguse ukuta, chandarua kichomekwe vizuri.
👉 Ziba nyufa, kandika upya. Ukipata saruji, anza na chumba cha kulala.
👉 Kuku na mbuzi wasilale chumba kimoja na watu.
👉 Mikeka, magunia na godoro la mtumba, kagua juani kabla ya kuingiza ndani.

Koch alimkuta papasi kwa kuchimba sakafu. Wewe huhitaji kuchimba. Chukua tochi usiku, umulike nyufa zilizo karibu na kitanda.

Mtumie na dada yako mjamzito asome.