TANGO, NDIMU NA NJIA YA UJIJI

Ndugu mkulima, leo tutazungumza juu ya tango. Safari hii si habari ya kulipanda na kulipalilia tu, bali ni habari ya kulila: lilifikaje huku kwetu, linaliwaje kwingineko, na kwa nini ndimu na maji safi lazima viwe karibu nalo. Tunasema na wakulima wote, lakini hasa na wewe uliye Kagunga, Mwamgongo na vijiji vingine vya ufuko wa Ziwa Tanganyika kaskazini ya Kigoma.

Wapo wakulima ambao hulima tango zuri kando ya kijito, wakalinyeshea asubuhi na jioni, kisha siku ya soko wakapakia lote mtumbwini, hata moja lisibaki nyumbani. Ukimwuliza mwenyewe atakwambia, "Hicho ni chakula cha hotelini bwana, sisi tuna ugali wetu." Basi hebu tuangalie kama maneno hayo ni ya kweli.

Tarehe 14 Februari 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, waliingia Ujiji kwa njia ya misafara kutoka pwani. Burton alikuwa mgonjwa hata hawezi kutembea, na Speke macho yake yalikuwa karibu kuzimika. Pamoja na taabu hizo Burton aliandika habari za soko la Ujiji na mazao ya nchi, na kitabu chake kikatoka mwaka 1860. Humo ametaja mtama, mahindi, maharagwe, muhogo, viazi vitamu, viazi vikuu, biringanya, uyoga, na tango. Ametaja pia mchikichi na mgomba. Mwezi wa Aprili mwaka ule ule wakapanda mitumbwi kwenda Uvira, wakifuata ufuko huu huu wa mashariki, yaani wakapita mbele ya milima ya Gombe na Kagunga. Kwa hiyo, ndugu yangu, miaka zaidi ya 160 iliyopita tango lilikuwa chakula cha watu wa ziwa. Hoteli zilikuwa bado.

Asili yake ya mbali zaidi ni Bara Hindi, chini ya milima ya Himalaya, ambako jamaa zake wa porini, wachungu sana, wanaota mpaka leo. Watu walilichukua wakaenda nalo magharibi, hata likafika nchi zinazozunguka Bahari ya Kati, ile inayoitwa Mediterania: Misri, Shamu, Uturuki, Ugiriki na Italia. Huko walikuwa tayari na jamaa yake, tikiti jembamba refu lililoliwa bichi kama tango. Wataalamu wengi wanaona kwamba hilo ndilo Wana wa Israeli walilolikumbuka jangwani pamoja na vitunguu vya Misri, habari ambayo Mkristo ataikuta katika Biblia na Mwislamu katika Kurani. Tena inasemekana kuwa mfalme Tiberio wa Roma alilipenda hata hakutaka ikosekane siku moja bila kulila. Watunza bustani wake walilipanda katika vitanda vyenye magurudumu, wakavisukuma juani mchana na kuvirudisha ndani penye baridi. Wewe wa Kagunga jua unalo bure, magurudumu ya nini?

Lakini jambo kubwa la watu wa Bahari ya Kati si tango lenyewe, ni jinsi wanavyolila. Hawalili peke yake. Hulikata, wakatia chumvi, limau au siki, kitunguu saumu kilichopondwa na mafuta ya zeituni. Waturuki na Wagiriki hulichanganya na maziwa ya mgando. Walebanoni hutia majani ya nanaa. Likizidi mavuno hulitumbukiza katika maji ya chumvi au siki, likakaa miezi. Utaona kuwa mara nyingi pana kitu kikali ndani yake, ama limau, ama siki, ama maziwa yaliyoganda. Shika jambo hilo, tutalirudia.

Vitu hivyo vikali vilikuja bara kwa njia ya misafara. Waarabu wa Omani na Waswahili wa pwani waliokaa Tabora na Ujiji walipanda miti na mboga walizozizoea. Stanley alipopita Tabora mwaka 1871, akienda kumtafuta Livingstone Ujiji, alikuta malimau, machungwa, mapapai na maembe yamezunguka matembe ya Waarabu. Miembe mikubwa ya Ujiji ni ushahidi wa watu hao mpaka leo. Neno kachumbari nalo ni la Kihindi, likapita pwani kabla ya kuzoeleka huku. Basi kachumbari ya tango, kitunguu na ndimu mbele ya mtu wa Ujiji ina historia ndefu kuliko reli, maana reli yenyewe ilifika Kigoma mwaka 1914.

Sasa tuseme na upande wa pili wa njia ile, maana njia haichagui abiria. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliua watu wengi sana Unguja, na ugonjwa ulisafiri pamoja na misafara ya bara. Livingstone, akiwa Manyema ng'ambo ya ziwa, aliandika habari zake mwaka 1870. Miaka zaidi ya 100 baadaye, 1977 na 1978, nchi yetu ilipata tena mlipuko mkubwa. Wazee watakumbuka kuwa kabla ya hapo tulikuwa na kampeni za redio za Mtu ni Afya, mwaka 1973, na Chakula ni Uhai, mwaka 1975, ambapo watu walikaa vikundi vikundi kuzunguka redio wakajifunza habari za vyoo, maji na lishe.

Na Kagunga yenyewe haihitaji kukumbushwa mwaka 2015. Mwezi wa Aprili machafuko yalianza Burundi, na watu wakakimbia kwa miguu na kwa mitumbwi. Kufikia katikati ya Mei ilikadiriwa kuwa zaidi ya watu 50,000 walikuwa wamejazana katika kijiji hiki, kwenye ukanda mwembamba kati ya mlima na maji. Vyoo havikutosha, maji ya kunywa yakawa ni ya ziwani. Meli ya Liemba, ile ya zamani ya Wajerumani, iliwachukua kwa mamia kwenda Kigoma, na kutoka hapo wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Hadi tarehe 22 Mei wagonjwa wa kipindupindu walikuwa wamefika kama 3,000, na waliokufa 31. Kati yao wawili walikuwa Watanzania wenyeji.

Tangu hapo wengine wamekuwa na hofu ya kula kitu kibichi, na hofu hiyo ina akili. Tango na nyanya visivyopikwa vikioshwa kwa maji machafu vitakuletea ugonjwa mezani. Tena maji ya Ziwa Tanganyika yana hali ya magadi. Kijidudu cha kipindupindu hustahimili maji ya namna hiyo, na ng'ambo, Uvira na Kalemie, ugonjwa huu hurudi mara kwa mara. Lakini kijidudu hicho kina adui wake, nacho ni ukali.

Katika miaka ya 1990 nchi ya Guinea-Bissau, huko Afrika Magharibi, ilipata kipindupindu. Watafiti waliuliza nyumba kwa nyumba watu walikula nini. Wakaona kwamba waliotia maji ya ndimu katika mchuzi wao waliugua kidogo kuliko wasiotia. Wakapima pia katika maabara, wakakuta kuwa ndimu inazuia kijidudu kisizaane chakulani. Kwa hiyo yule mama wa Ujiji akamuliaye ndimu juu ya kachumbari hafuati ladha peke yake. Angalia lakini, usije ukasema redio imekwambia ndimu inatosha. Ndimu ni msaada wa nyuma. Wa mbele ni maji yaliyochemshwa, au yaliyotiwa dawa, na mikono iliyooshwa kwa sabuni.

Tuje jikoni sasa. Jioni chemsha maji, yaache yapoe katika chombo chenye kifuniko. Kesho yake osha tango zima kwa maji hayo kabla ya kulikata, maana kisu huingiza ndani uchafu ulio juu ya ganda. Kata kichwa cha upande wa kikonyo, ulionje. Likiwa chungu sana liache kabisa: uchungu ule ni sumu ya asili ya mmea, nao huzidi pale mmea unapopata kiu shambani. Watu husugua kile kichwa mpaka litoke povu, wakidhani uchungu umetoka. Mimi naona dawa ya uchungu ni ndoo ya maji shambani, wala si kusugua jikoni.

Katakata tango, tia kitunguu, kitunguu saumu kidogo kilichopondwa, chumvi, na ndimu ya kutosha mpaka uisikie ulimini. Mafuta ya zeituni ni ghali, yaache dukani. Mawese yetu nayo hutokana na nyama ya tunda kama zeituni, lakini ladha yake hupenda moto, basi yabaki kwenye dagaa. Juu ya tango nyunyiza karanga zilizokaangwa na kutwangwa, utapata mafuta na nguvu pamoja. Penye maziwa ya mgando, changanya tango na kitunguu saumu kama Waturuki, ukihakikisha maziwa yalichemshwa kabla ya kugandishwa. Andaa kiasi cha kuliwa saa ile ile. Kachumbari ya jana wape kuku.

Usidanganyike kuwa tango peke yake ni mlo. Katika kilo moja ya tango karibu gramu 950 ni maji, na mtoto hawezi kukua kwa maji. Kazi yake ni kuwa ubavuni mwa ugali wa muhogo na dagaa. Dagaa wanajenga mwili, muhogo unatia nguvu, na ile ndimu, pamoja na kusaidia usafi wa chakula, inasaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na mboga za majani. Mlo wa namna hiyo ni mwepesi na haulali tumboni. Tena tango lenyewe halihitaji kupikwa kwa kuni, jambo ambalo mama anayepanda mlima kutafuta kuni atalielewa haraka kuliko mtu mwingine.

Tango huanza kuchumwa kiasi cha siku 45 hadi 60 baada ya kupandwa. Unapopima tuta lako la kiangazi kando ya kijito, toa mashina manne au matano uyaweke karibu na nyumba, mahali ambapo maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi yanaweza kuyafikia, na pembeni yake panda mche mmoja wa mndimu. Mndimu hauna haraka. Ukiupanda leo utangoja miaka kadhaa, na kwa wakati huo utanunua ndimu sokoni Kagunga kwa fedha ya matango uliyouza.